Je, hazadi ziwashwe gari likiwa linakwenda ndani ya ukungu?

MwalimuNjoro

Hamjambo nyote. Ninaishi Njoro, na kila baada ya wiki mbili huenda Kisumu kumwona mama, ambaye siku hizi afya yake inahitaji mtu wa karibu. Njia yangu ni ile ya Elburgon na Molo hadi Mau Summit, kisha Londiani, Kericho, Awasi na Ahero. Kwa kuwa hupenda kufika kabla jua halijawa kali, hutoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, na ndiyo sababu hukutana na ukungu wa Mau ukiwa katika uzito wake wote.

Jumamosi iliyopita, nilipokuwa nimeshapita Mau Summit na kuelekea Londiani, ukungu ulishuka ghafla kiasi kwamba nilikuwa ninaona vipande vitatu tu vya mstari mweupe wa katikati ya barabara. Mbele yangu palikuwa na magari manne au matano, na yote yalikuwa yamewasha hazadi, indiketa zote zikiwakawaka kwa pamoja. Nami nikawasha zangu, kwa sababu niliona ndiyo desturi, na pia kwa sababu shemeji yangu, ambaye ameendesha matatu kwa miaka mingi, alinifundisha kwamba ukungu ukishuka jambo la kwanza ni kubonyeza kile kitufe chekundu chenye pembetatu.

Tulikwenda hivyo kwa muda, kila mmoja akifuata mwako wa mwenzake. Kisha nikaona mbele yangu jozi ya taa za rangi ya machungwa zikiwakawaka, nikadhani ni za gari lile lile nililokuwa ninalifuata. Hazikuwa zake. Ilikuwa pikapu iliyopakia viazi, imesimama, nusu yake ikiwa kwenye lami na nusu kwenye ukingo, tairi la nyuma upande wa kushoto limepasuka. Nilitambua kwamba haitembei pale tu nilipoanza kuona kamba zilizofunga magunia, na hata fundo la kamba moja lililokuwa likining'inia juu ya kibao cha namba. Nilikanyaga breki kwa nguvu zangu zote, gari likateleza kidogo, likasimama hatua chache kabla ya kuifikia. Kijana mmoja alikuwa amechuchumaa kando ya tairi akizungusha jeki. Nimekuwa nikimwona kijana yule kila nifumbapo macho.

Ninachotaka kujua ni hiki. Ikiwa kila gari linalotembea limewasha hazadi, aliyesimama atatumia ishara gani ili tumtambue? Na kama kweli sitakiwi kuziwasha, trela linalokuja nyuma yangu litanionaje? Naomba majibu ya wenye ujuzi, kwa maana nitapita huko tena baada ya siku kumi.

MkufunziKakamega

Mwalimu, pole sana kwa yaliyokupata, na ninamshukuru Mungu kwamba wewe na kijana yule mlirudi nyumbani. Nimefundisha udereva kwa miaka 16, na kila msimu wa mvua huulizwa jambo hili, kwa hiyo uniwie radhi nikilijibu kwa urefu.

Hazadi hazikuwekwa ili gari litembee nazo. Ziliwekwa ili gari lililosimama mahali pabaya liweze kutangaza kwamba limesimama. Wewe ni mwalimu, nawe unajua kwamba kengele ya shule ikipigwa kutwa nzima, hakuna mwanafunzi atakayetambua saa ya mapumziko. Kijana wa viazi alifanya alilotakiwa kufanya kwa upande wa taa, lakini ishara yake ilikuwa imeshakwisha nguvu, kwa sababu magari yote yaliyomtangulia machoni pako yalikuwa yakiitumia huku yakitembea. Uingereza, ambako huendesha upande wa kushoto kama sisi, mwongozo wa barabara unakataza hazadi gari likiwa linatembea au likiwa linavutwa, isipokuwa katika barabara kuu za mwendo kasi, na hata huko ni pale tu dereva anapohitaji kuwaonya walio nyuma kwamba mbele kuna hatari au kizuizi.

Sasa, utaonekanaje? Washa taa kubwa za mbele, lakini ziwe dimu, yaani mwanga wa chini. Ninasisitiza taa kubwa kwa sababu nimeona madereva wengi wakizungusha swichi hatua ya kwanza tu, ile ya taa ndogo za kuegeshea, wakaridhika. Wenye magari mapya wana mtego mwingine. Gari linakuwa na taa za mchana za mbele ambazo hujiwasha zenyewe, dereva anaona mwanga mbele yake na kudhani kwamba nyuma pia pamewaka, kumbe katika magari mengi ya aina hiyo taa za nyuma zimezimika kabisa. Wala usiitegemee ile swichi ya kuwasha taa zenyewe, kwa maana kifaa chake hupima giza, na ukungu wa saa mbili asubuhi ni mweupe na wenye mwanga wa kutosha kukidanganya. Zungusha swichi kwa mkono wako, kisha tazama dashibodi kuhakikisha. Fulu, yaani mwanga wa juu, usiiguse. Ukungu ni matone madogo mno ya maji yanayoelea hewani, na mwanga mkali ukielekezwa juu hugonga matone hayo na kukurudia usoni, ukabaki unatazama ukuta mweupe. Kama gari lako lina taa za ukungu za mbele, zile zilizo chini karibu na bampa, ziwashe pamoja na dimu, kwa kuwa hutupa mwanga wake mpana na wa chini, mahali ambapo ukingo wa barabara upo.

Jambo la pili, ambalo kwa kweli ndilo la kwanza, ni mwendo. Mwongozo huo wa Uingereza unasema kwamba gari lililo katika mwendo wa maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80, huhitaji mita 53 ili lisimame kwenye barabara kavu, na kwamba barabara ikilowa umbali huo huongezeka angalau maradufu. Kilomita 80 kwa saa ndicho kikomo cha matatu, mabasi na malori makubwa nchini mwetu, na wapo wanaokiona kama mwendo wanaodaiwa kuutimiza katika hali yoyote ya hewa. Mwenye kwenda mwendo huo juu ya lami iliyolowa ya Mau anahitaji zaidi ya mita 100 za kusimama, ilhali wewe ulikuwa unaona vipande vitatu vya mstari. Hata kilomita 50 kwa saa zinahitaji karibu mita 50 kwenye maji. Hakuna taa duniani inayoweza kuziba pengo hilo.

Wanafunzi wangu huwafundisha njia rahisi ya kupima. Chagua kitu kisichotembea, mfano nguzo au kibao cha barabarani, mara tu kinapojitokeza ndani ya ukungu, kisha uhesabu kwa utulivu, sekunde kwa sekunde, hadi utakapokipita. Ukikipita kabla ya kufika tano, punguza mwendo, kisha upime tena kwa kitu kingine. Fungua kioo cha dirisha kidogo na uzime redio, kwa sababu masikio hutambua trela kabla ya macho. Na usifuate taa za aliye mbele kana kwamba ni kamba ya kukuvuta, kwani akiingia mtaroni utamfuata humo humo.

Zipo nafasi mbili ambazo mimi huruhusu hazadi. Ya kwanza ni gari lisiloweza kuendelea na safari, nalo liwe limetolewa kwenye lami kadiri inavyowezekana, na zile pembetatu mbili za kuakisi ambazo sote tunatakiwa kuwa nazo garini ziwekwe mbali nyuma na mbele yake, kabla ya mtu yeyote kushika jeki. Ukungu ukiwa mzito pembetatu zipelekwe mbali zaidi, na kama kuna mkunjo wa barabara nyuma yako, ya nyuma iwekwe kabla ya mkunjo. Ya pili ni pale unapokuta magari yamesimama ghafla mbele yako. Hapo bonyeza kitufe, ziwake mara chache hadi umwone aliye nyuma yako akipunguza mwendo, kisha uzime.

DerevaWaMasafaMarefu

Nimesoma kwa makini maelezo ya Mkufunzi, na ninakubaliana naye karibu katika yote. Mimi huendesha trela kati ya Mombasa na Malaba tangu 2004, na ukungu wa Timboroa ninaujua kama ninavyoujua ua wa nyumba yangu. Pale ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na usiku wingu halipiti juu yako, linakaa barabarani pamoja nawe.

Ningependa kuongeza jambo ambalo wenye magari madogo huenda hawalitambui. Ukiwasha hazadi, katika magari mengi unakuwa umejinyima indiketa. Unaweza kuusukuma mkono wa indiketa juu au chini upendavyo, nje hakuna anayeona tofauti. Sisi wa trela huzungumza kwa indiketa safari nzima. Ya kulia humwambia aliye nyuma yangu kwamba mbele kuna gari linakuja na asithubutu kupita, na ya kushoto humwambia kwamba njia iko wazi. Ndani ya ukungu sitampa mtu ruhusa ya kupita, kwa sababu hata mimi niliye juu sioni, lakini ile ya kulia ninaihitaji sana. Nimeshaokoa watu kwayo, na nisingeweza kuwaokoa kama taa zote zingekuwa zinawaka kwa pamoja bila kusema lolote.

Kuna hatari nyingine ninayoiona kila wiki. Mnapokwenda kwa mstari, gari la mbele huwa limefunikwa nusu na gari la nyuma yake, kwa hiyo mtu aliye wa tatu huona taa ya upande mmoja tu ikiwakawaka. Akiiona ya kulia pekee, anaamini kwamba gari lile linakata kulia, naye anajaribu kupenya kushoto. Kwenye makutano ya Mau Summit, ambapo wa Eldoret na wa Kericho wanaachana, dereva wa gari dogo alinipenya kushoto kwa njia hiyo hiyo nikiwa ninakwenda moja kwa moja. Sikuwa nimewasha hazadi mimi, ni gari lililokuwa mbele yangu, na yeye alidhani taa aliyoiona ni ya kukata kona. Tangu siku ile siwezi kunyamaza nikisikia mtu akisema kwamba hazadi hazina madhara.

Mahali ninapotofautiana kidogo na Mkufunzi ni kwenye mlima. Trela lililobeba mzigo kamili likipanda kutoka Salgaa kuelekea Sachangwan, au likikaribia kilele cha Timboroa, huenda polepole kiasi kwamba mtu mwenye miguu mizuri anaweza kulifuata. Kwa anayekuja nyuma kwa kilomita 80 kwa saa, mimi na gari lililosimama hatuna tofauti kubwa. Hapo huwasha hazadi, na sioni aibu kusema hivyo, kwa kuwa ujumbe wake unakuwa wa kweli: mimi ni kizuizi. Nikifika juu na kupata mwendo, huzima mara moja. Vijana wengi husahau kuzima, wakashuka nazo hadi bonde la pili, na hilo ndilo kosa ambalo ningependa makondakta wetu watukumbushe.

MsafiriWaNandiHills

Ninawaheshimu waliotangulia, lakini sijashawishika. Ninapita Kapsabet na Chavakali mara tatu kwa wiki, ukungu na mvua ni sehemu ya maisha yangu, na ninajua ninachokiona kwa macho yangu. Taa nyekundu za nyuma za magari yetu mengi ni hafifu. Zimefunikwa matope ya barabara za mashamba ya chai, plastiki yake imefifia kwa jua, na mara nyingi huziona wakati nimeshalikaribia gari mno. Hazadi huziona mapema zaidi, kwa mbali sana. Sasa mnaniambia nizime kinachoonekana niache kisichoonekana?

Tena si kweli kwamba dunia nzima inakataza. Jimbo la Florida huko Marekani lilibadilisha sheria yake, na kuanzia Julai 2021 dereva anaruhusiwa kuwasha hazadi gari likitembea ikiwa hali ya kuona ni mbaya mno na barabara ina kikomo cha maili 55 kwa saa au zaidi. Wenye kutunga sheria hiyo bila shaka walikuwa na sababu, na huko mvua hunyesha kama inavyonyesha kwetu.

Nitabadilika nikipewa kitu cha kuonekana badala ya hazadi. Nisipopewa, nitaendelea kuziwasha, kwa sababu nina watoto wawili wanaokaa kiti cha nyuma.

FundiTaaKisumu

Ndugu wa Nandi Hills, hoja yako ni nzito, nami kama fundi wa umeme wa magari sitaipuuza. Uliyoyaona ni kweli kabisa, na sababu yake ipo ndani ya balbu.

Katika magari mengi madogo tunayoyatumia, yale yasiyo na taa za LED, balbu ya indiketa ina nguvu ya wati 21. Balbu ya taa ya nyuma mara nyingi ni ile yenye nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: uzi mmoja wa wati 5 unaowaka muda wote taa zinapowashwa, na mwingine wa wati 21 unaowaka unapokanyaga breki. Kwa hiyo unapolinganisha hazadi na taa ya nyuma, unalinganisha 21 na 5, na huo ni ushindani usio wa haki. Ikiwa ile ya 5 imefunikwa na matope pia, basi imekwisha.

Hata hivyo, nguvu peke yake haitoshi. Indiketa hutengenezwa iwake na kuzima kati ya mara 60 na 120 kwa dakika, na takribani nusu ya muda huo iko gizani. Dereva anayekuja kwa kilomita 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, kwa hiyo kila taa yako inapozima, yeye anasogea kati ya mita 5 na 11 bila kuona chochote, na inapowaka tena jicho lake linaanza upya kukisia umbali. Taa isiyozima hulipatia jicho kitu cha kushika, nalo huona kama nuru inakua, yaani kama umbali unapungua. Mwalimu alipotezwa na hilo hilo. Aliona taa inawaka, hakuweza kujua kama inamkaribia.

Umeomba kitu badala ya hazadi, na kipo. Ni taa nyekundu ya ukungu ya nyuma. Ina balbu ya wati 21 kama breki, lakini huwaka bila kukatika. Magari ya Ulaya hutoka nayo kiwandani kwa lazima, ilhali magari mengi yaliyotumika tunayoagiza kutoka Japani hayana, kwa sababu sheria ya huko haiilazimishi. Huwa ninawafungia wateja wangu. Kwa nchi inayoendesha kushoto, ikiwa ni moja tu ikae katikati au upande wa kulia wa gari, iwe zaidi ya sentimita 10 kutoka taa ya breki ili isichanganywe nayo, isizidi mita moja kutoka ardhini, na iwe na swichi yake pamoja na alama kwenye dashibodi. Umeme wake uchukuliwe kwenye nyaya za taa za mbele, ili isiweze kuwaka peke yake na kusahaulika. Kusahaulika ndilo tatizo lake kubwa, kwani usiku usio na ukungu humchoma macho aliye nyuma na kuifanya breki yako isitambulike. Uingereza hudai izimwe mara hali ya kuona inapokuwa nzuri, na Ujerumani huruhusu iwashwe pale tu mtu anapoona chini ya mita 50, naye asizidi kilomita 50 kwa saa.

Kabla ya kutumia fedha, lakini, fanya jambo lisilogharimu chochote. Rudisha gari nyuma usiku hadi karibu na ukuta mweupe, washa dimu, kisha ushuke ukatazame kwa macho yako. Usijaribu kwa kukanyaga breki. Nimekutana na magari mengi ambayo uzi wa breki ni mzima na uzi wa wati 5 umekatika, na mwenye gari anaapa kwamba taa zake zinafanya kazi kwa sababu kila akikanyaga breki ukuta unakuwa mwekundu. Taa ya upande mmoja ikiwa hafifu kuliko ya pili, au ikififia unapowasha indiketa, mara nyingi ni ule waya unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari ulioshika kutu. Ukwanguliwe na ukazwe. Kisha beba kitambaa na chupa ya maji, uzifute taa za nyuma kila unapotoka barabara ya udongo na kuingia kwenye lami. Nimeona kitambaa kikifanya kazi ambayo balbu mpya isingeifanya.

MkaaziWaKedowa

Mimi siendeshi gari, ninaishi kando ya barabara hiyo mnayoizungumzia na ninauza viazi na kabeji. Naomba niseme neno kwa niaba yetu tulio chini. Wapo wateja ambao hubonyeza hazadi na kusimama juu ya lami, hata penye mkunjo, kana kwamba taa hizo zimewapa ruhusa ya kuegesha popote. Asubuhi yenye ukungu, wanaochelewa kuliona gari hilo hulikwepa kwa kuingia upande wetu, na upande wetu ndiko waliko watoto wanaokwenda shule na vijana wa bodaboda wanaobeba mitungi ya maziwa. Tafadhali tokeni kwenye lami kabisa. Tutawaletea mzigo hadi mlipo, hata ikiwa ni mwendo wa dakika tano.

MkufunziKakamega

Mama wa Kedowa amesema jambo ambalo nilipaswa kulisema mimi. Ukiona ukungu au mvua ya mawe ya Kericho imekushinda, usisimame ukingoni. Endelea polepole hadi kituo cha mafuta, sokoni, au uwanja wowote ulio nje ya barabara. Huko Arizona, Marekani, madereva wanaokumbwa na dhoruba ya vumbi hushauriwa watoke barabarani kabisa, wazime taa zote pamoja na hazadi, wafunge breki ya mkono na waondoe mguu kwenye breki ya kawaida ili hata taa hiyo isiwake, kwa sababu anayekuja nyuma bila kuona huamini kwamba taa yoyote mbele yake iko barabarani, naye huifuata hadi aigonge. Ukiwa umeegesha mahali salama, mbali na lami, taa zako zinaweza kumwita mtu badala ya kumkinga.

Kuhusu Florida, Ndugu wa Nandi Hills, tazama vizuri masharti yake: hali mbaya mno ya kuona, na barabara za mwendo mkubwa tu. Barabara ya Chavakali ina makutano, wapita njia na pikipiki kila baada ya hatua kadhaa, na huwezi kuipita bila indiketa.

Na kwa Dereva wa masafa, nimeyatafakari maneno yako ya mlimani. Trela linalopanda kwa mwendo wa mtu anayetembea ni kizuizi kweli. Nitawaambia wanafunzi wangu hivyo, pamoja na sharti lako la kuzima kileleni.

MsafiriWaNandiHills

Fundi, nimefanya jaribio la ukuta jana usiku. Taa zote mbili zinawaka, lakini ya kushoto ni hafifu kuliko ya kulia. Nitaleta gari Kisumu Alhamisi ili uutazame ule waya, na tuzungumze gharama ya kufunga taa ya ukungu ya nyuma. Mpaka nitakapofungiwa, sitawasha hazadi nikiwa kwenye mstari wa magari, ila nikiwa peke yangu katika ukungu mzito kabisa bado nitaziwasha. Siwezi kuwadanganya kuhusu hilo.

MwalimuNjoro

Nimerudi kutoka Kisumu, na ninawiwa shukrani na ninyi nyote.

Kabla ya safari nilirudisha gari hadi ukuta wa jikoni, nikawasha dimu, nikashuka. Upande wa kushoto ukuta ulikuwa mwekundu, upande wa kulia ulikuwa giza. Mwanangu alipokanyaga breki pande zote mbili ziliwaka sawasawa, kama Fundi alivyosema. Nilipoitoa balbu nikaishika dhidi ya mwanga, niliona uzi mmoja umenyooka vizuri na mwingine umekatika katikati, vipande vyake viwili vikitikisika kila nilipoigusa. Kwa hiyo alfajiri ile ya pikapu, upande wangu wa kulia, ambao ndio upande wa magari yanayotaka kupita, haukuwa na taa yoyote isipokuwa hazadi. Sijui nilikuwa nimetembea hivyo kwa miezi mingapi. Nilibadilisha balbu zote mbili kwa pamoja.

Shemeji tulizungumza naye kwa muda mrefu. Alikataa mwanzoni, kisha nikamsomea maneno ya Dereva kuhusu taa inayofunikwa nusu, akanyamaza. Akakumbuka makutano fulani pale Nakuru ambapo naye alidanganyika kwa namna hiyo hiyo.

Jumamosi ukungu ulikuwepo tena, kuanzia Molo hadi karibu na Kedowa. Nilikwenda na dimu peke yake, nikihesabu kwa nguzo, na kuna mahali sikufika hata tatu, nikapunguza hadi kilomita 25 kwa saa. Matatu moja iliyokuwa nyuma yangu ilinimulikia fulu mara kadhaa, kisha ikatulia ikanifuata. Niliona taa zake wakati wote, naye bila shaka aliona zangu.

Niliporudi Jumapili alasiri jua lilikuwa linawaka na mahali pale paliniwia vigumu kupatambua. Nilipatambua kwa mawe mawili makubwa ambayo kijana yule alikuwa ameyakingia matairi, nayo yalikuwa bado kwenye ukingo wa lami, moja likiwa limesogea hadi kwenye mstari. Niliegesha gari nje kabisa, kwenye nyasi, nikaweka pembetatu, nikayaviringisha yote mawili hadi mtaroni.